Kamera Imesimama Wapi?

Ndani ya Blender, programu ya kompyuta ya kujenga maumbo ya pande tatu, kuna macho mawili. Moja ni lile ninalotumia kuzunguka umbo ninalolijenga, nikilisogelea, nikiliinamia na kulichungulia kwa chini kama fundi anayekagua uvungu wa gari. La pili ni la kamera, na hilo ndilo pekee linalotoa picha ya mwisho. Nilifanya kazi na programu hii karibu mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba macho hayo hayajuani mpaka mtu ayaunganishe kwa mkono wake. Kutoelewa huko kulinigharimu usiku mmoja: nilipanga mwonekano wa sebule niliyomchorea mteja, nikaridhika nao, nikabonyeza F12, nikaiacha kompyuta ikirenda, yaani ikiitengeneza picha ya mwisho, hadi alfajiri, na asubuhi nikakuta picha safi kabisa ya kona ya dari na kipande cha pazia. Kamera ilikuwa palepale ilipowekwa na programu yenyewe siku nilipofungua faili jipya. Niliyezunguka nilikuwa mimi.

Ninatumia Blender kwa sababu ileile inayowafanya vijana wengi wa kwetu waitumie, nayo ni kwamba haina leseni ya kulipia. Ilizaliwa Uholanzi mwaka 1994 mikononi mwa Ton Roosendaal, na mwaka 2002, baada ya kampuni iliyokuwa ikiiuza kufungwa, watumiaji wake walichanga euro 100,000 ndani ya wiki saba ili msimbo wake uachiwe huru. Anayetumia 3ds Max, Maya au SketchUp atayakuta mengi ya haya nitakayoyaeleza chini ya majina na vitufe vingine, kwa kuwa jambo lenyewe ni la jiometri na halimhusu mtengenezaji mmoja.

Tuanze na jicho la kazi, maana ndilo tunaloshinda nalo mchana kutwa. Linaongozwa na vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi. Kitufe cha 1 kinakuweka mbele ya umbo, cha 3 upande wa kulia, cha 7 juu yake, na ukishikilia Ctrl pamoja na kimojawapo unahamia upande wa pili, yaani nyuma, kushoto au chini. Vitufe vya 2, 4, 6 na 8 vinakuzungusha kwa nyuzi 15 kila unapobonyeza. Mwenye kompyuta mpakato isiyo na vitufe hivyo anaweza kwenda kwenye mapendeleo ya programu na kuiamuru izichukulie namba za safu ya juu kuwa ndizo hizo. Nilitumia njia hiyo kwa muda mrefu, na sikupungukiwa na kitu.

Neno «mbele» lina mtego wake. Programu haijui mlango wa nyumba yako uko wapi. Kwake mbele ni kutazama kutoka upande hasi wa mhimili wa Y (mmoja wa mistari mitatu ya kupimia, X, Y na Z) kuelekea upande chanya, na nyumba iliyojengwa ikiwa imegeukia kwingine itaonyesha jiko kila unapobonyeza 1. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na badala ya kuigeuza niliizoea, mpaka siku nilipompa mwenzangu faili akadhani nimesahau kuweka mlango.

Kitufe cha 5 ndicho kinachowachanganya wengi, kwa sababu kinabadili namna ya kuona bila kubadili mahali pa kuonea. Kinakutoa katika pespektivu, ambamo kilicho mbali huonekana kidogo, na kukuingiza katika othografiki, kisha kinakurudisha. Mtu yeyote aliyewahi kushika ramani ya nyumba anaujua mwonekano wa othografiki hata kama hajawahi kuusikia kwa jina. Kwenye ramani, chumba cha mita 3 kilicho nyuma kina ukubwa uleule wa chumba cha mita 3 kilicho mbele, kuta zilizo sambamba zinabaki sambamba hadi mwisho wa karatasi, na fundi mwashi anaweza kuweka rula yake popote akapata kipimo cha kweli. Ndiyo maana mwonekano huo ni mzuri kwa kujengea. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kuiona nyumba kwa namna hiyo, kwani ili mistari iliyo sambamba ionekane sambamba kabisa, jicho lingepaswa kukaa umbali usio na mwisho.

Isitoshe, kwa mpangilio wake wa kawaida, Blender huingia othografiki yenyewe unapobonyeza 1, 3 au 7, kisha hurudi kwenye pespektivu mara tu unapozungusha kwa kipanya. Anayeanza huona ukuta wake ulionyooka sasa umepinda, akaanza kuunyoosha. Ukuta haujapinda. Nimekwisha kuona faili la mwanafunzi aliyekuwa akisogeza ncha za ukuta kwa siku mbili ili ukae sawa katika pespektivu, na alipobonyeza 7 chumba kilikuwa na umbo la trapeza. Tangu hapo ninamwambia kila anayeniuliza kwamba vipimo vyake avifanye katika othografiki na uzuri auhukumu katika pespektivu, asichanganye kazi hizo mbili.

Jicho la pili, la kamera, ni kitu miongoni mwa vitu vingine vilivyomo ndani ya faili. Lina mahali na mwelekeo, linaweza kusogezwa, kunakiliwa, kufutwa, na hata kufungwa kwenye gari ili liende nalo. Kamera hutazama upande hasi wa mhimili wake wa Z, huku mhimili wake wa Y ukielekea juu ya picha. Kwa hiyo kamera ambayo nyuzi zake zote ni sifuri inatazama sakafu moja kwa moja, na ukitaka itazame mbele sawasawa, kama mtu aliyesimama wima, unaipa nyuzi 90 katika mhimili wa X. Namba hiyo 90 ishike, nitairudia.

Kuingia ndani ya kamera ni kubonyeza 0. Fremu inajitokeza, na eneo lililo nje yake linatiwa kivuli. Kivuli hicho mimi hukifanya cheusi kabisa, kwa sababu nimegundua kwamba kikiwa hafifu jicho langu linaendelea kutumia vitu vilivyo nje ya fremu kuusawazisha mpangilio, halafu picha ikitoka inaonekana imepungukiwa na kitu nisichoweza kukitaja. Umbo la fremu lenyewe halitoki kwenye lenzi, linatoka kwenye idadi ya pikseli uliyoweka. Ukiandika 1920 kwa 1080 unapata fremu ya kulala, ukizigeuza namba hizo unapata ya kusimama.

Kuunganisha macho mawili kuna njia kadhaa, na kila mtu huishia na ile aliyoizoea. Ukiwa umeshapata mwonekano unaoupenda kwa jicho la kazi, Ctrl, Alt na 0 kwa pamoja vinaileta kamera mahali ulipo. Laiti ningeijua njia hiyo usiku ule wa kona ya dari. Ukitaka kuibeba kamera huku unazunguka, unafungua paneli ya pembeni kwa kitufe cha N, unaenda kwenye kichupo cha mwonekano na kutia tiki kisanduku kilichoandikwa Lock Camera to View. Hapo kipanya chako kinasogeza kamera yenyewe. Kisanduku hiki ni kitamu na ni hatari kwa kiwango kilekile: ukisahau kuondoa tiki, unaingia kwenye kamera ili utazame tu, unazungusha kidogo kwa mazoea, na mwonekano uliokuwa umekubaliwa na mteja umepotea. Kwa hiyo sasa kamera ikishakubaliwa ninainakili kwa Shift na D, nakala naipa jina, na ninacheza na nakala. Faili linaweza kuwa na kamera ishirini, ila inayorenda ni moja tu. Unachagua unayoitaka na kubonyeza Ctrl na 0 ili iwe hiyo.

Kuna pia namna ya kutembea, ambayo kwa picha za nyumba ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukibonyeza Shift pamoja na kitufe kilicho chini ya Esc, unaingia ndani ya jengo kama mchezaji wa mchezo wa kompyuta, ukitumia W, A, S na D kwenda mbele, kushoto, nyuma na kulia. Ukiwasha nguvu ya uvutano, unaanguka mpaka sakafuni na jicho lako linabaki kwenye kimo cha mita 1.6. Mara ya kwanza nilipotembea hivyo ndani ya nyumba niliyokwisha kuichora, niligundua kwamba dirisha la chumba cha kulala nililiweka juu mno, mtu aliyesimama haoni nje. Nilikuwa nimeitazama nyumba hiyo kwa wiki mbili nikiwa naelea hewani kama mwewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu, na mimi nikiwamo kwa muda mrefu, tunaamini kwamba lenzi ndiyo inayoumba pespektivu: kwamba lenzi pana «inavuta» chumba na lenzi ndefu «inabana» vitu pamoja. Si hivyo. Pespektivu inaumbwa na mahali ulipo, basi. Lenzi inaamua tu ni kipande gani cha unachokiona kitakachoingia kwenye fremu.

Weka masanduku mawili yanayolingana, la pili likiwa mita 2 nyuma ya la kwanza. Simamisha kamera mita 2 kutoka sanduku la mbele. La nyuma liko mita 4 kutoka kwako, hivyo litaonekana nusu ya la mbele. Badili lenzi kutoka milimita 18, iliyo pana, hadi 35, kisha hadi 85, iliyo ndefu: picha itakua, masanduku yataijaza fremu na kuipita, lakini la nyuma litabaki nusu ya la mbele. Sasa rudi nyuma mpaka uwe mita 10 kutoka sanduku la mbele. La nyuma liko mita 12, na uwiano wao umekuwa 12 kwa 10, karibu yanalingana, lenzi iwe yoyote ile. Kilichobadilika ni miguu yako. Tunailaumu lenzi kwa sababu katika maisha mambo hayo mawili huenda pamoja: mwenye lenzi pana husogea karibu ili kitu chake kiijaze fremu, mwenye lenzi ndefu hurudi nyuma, na sifa anapewa mwenye jina kwenye kasha.

Watu wa Florence walilijua hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 15, msanifu majengo Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu la mji huo juu ya ubao, akatoboa tundu dogo kwenye ubao huo, na aliyetaka kuiona picha alipaswa kusimama nyuma yake na kuchungulia kupitia tundu hilo, huku mkono mwingine ukishika kioo kilichoirudisha picha machoni pake. Hakuruhusu mtu aitazame kutoka popote apendapo. Tundu lile ndiyo kamera ya Blender, miaka zaidi ya 500 kabla ya Blender.

Kuhusu lenzi yenyewe kuna hesabu ndogo ambayo ningependa ningefundishwa siku ya kwanza. Kamera ya Blender inachukuliwa kuwa na kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha milimita 36, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye fremu ya filamu za zamani, na lenzi inayokuja nayo ni ya milimita 50. Gawanya 36 kwa namba ya lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Kwa lenzi ya 50, ukuta ulio mita 10 mbele yako utaonekana kwa upana wa mita 7.2. Kwa lenzi ya 24 utaona mita 15 za ukuta huohuo, na kwa lenzi ya 18 utaona mita 20, sawa na pembe ya nyuzi 90 kamili. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba milimita hizo 36, katika mpangilio wa kawaida, huhesabiwa kwenye upande mrefu wa fremu. Picha ikiwa ya kusimama, unachopata ni kimo badala ya upana. Kwa hesabu hiyo unaweza kujua kabla ya kugusa kipanya kama nyumba itaenea au haitaenea.

Na kuna nyumba isiyoenea. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kuchora nyumba ya ukoo iliyoko Mji Mkongwe, Unguja, moja ya zile za mawe ya matumbawe na chokaa zenye boriti za mikoko, ambazo ukarabati wake una masharti mengi kwa kuwa mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Bi mkubwa mwenye nyumba alitaka picha za kuwapelekea jamaa zake walioko Muscat, waone jinsi itakavyokuwa ikishatengenezwa, kisha wachange. Nyumba ina kimo cha mita 9 kwa mbele. Kichochoro kilicho mbele yake kina upana wa mita 2.5.

Piga hesabu. Mtu akiegemea ukuta wa ng'ambo, macho yake yako kama mita 2.3 kutoka kwenye nyumba. Ili aione yote kwa mkupuo mmoja, kutoka kizingiti hadi ukingo wa paa, angehitaji kuona nyuzi 107 kwa wima, na hilo linataka lenzi ya kama milimita 13, ambayo ingeinyoosha nyumba juu kama ubani unavyopanda kutoka chetezoni. Mpiga picha wa kawaida angefika hapo akakata tamaa. Mimi nilijiona mjanja kuliko mpiga picha, kwa kuwa kamera yangu haina mwili. Niliirudisha nyuma, ikapenya ukuta wa nyumba ya jirani, ikaenda hadi mita 14 kutoka mlango wa bi mkubwa. Kwa lenzi ya milimita 50 na fremu ya kusimama nilipata kimo cha mita 10 na kidogo, nyumba imeenea na nafasi imebaki.

Tatizo likawa nyumba ya jirani, ambayo sasa ilikuwa katikati. Kila kamera ya Blender ina mipaka miwili: wa karibu, ulioandikwa Clip Start, ambao kwa kawaida umewekwa sentimita 10, na wa mbali, na kisicho kati ya mipaka hiyo hakionekani. Niliusogeza wa karibu hadi mita 11.6, na ukuta wa jirani pamoja na kila kilichokuwa nyuma yake vikatoweka kwenye picha. Cha kufurahisha ni kwamba katika Cycles, injini ya kurenda iliyomo ndani ya Blender, ukuta uliokatwa hivyo unafichwa kwa kamera tu. Mwanga bado unaujua, kivuli chake bado kinaanguka juu ya nyumba, na hali ya kichochoro inabaki. Nilirenda picha, ikatoka nzuri, imenyooka, mlango wa kuchonga umekaa katikati kama stempu.

Niende pembeni kidogo kuhusu mipaka hiyo, maana inasumbua watu kila siku. Jicho la kazi lina mipaka yake na kamera ina yake, hivyo kitu kinaweza kuonekana unapofanya kazi na kutoweka ukibonyeza 0, au kinyume chake. Ukipokea mchoro uliochorwa kwa milimita na ukauingiza bila kubadili kipimo, nyumba ya mita 12 inaingia ikiwa na mita 12,000, mpaka wa mbali unaikata, na unabaki unatazama skrini tupu ukidhani faili limeharibika. Wengine huponya hilo kwa kupeleka mpaka wa mbali hadi mamilioni na wa karibu hadi karibu na sifuri. Hapo kompyuta inashindwa kutofautisha ni uso upi ulio mbele na upi ulio nyuma, na kuta zilizokaribiana zinaanza kumetameta kama samaki wanaogeuka majini. Dawa ni kurekebisha kipimo cha mchoro wenyewe.

Nilimpelekea bi mkubwa picha yangu kwenye tableti. Nilimwamkia, tukakaa barazani, akaishika kwa muda mrefu akiisogeza mbali na macho.

«Mwanangu,» akasema, «hapa ulisimama wapi?»

Nikamwambia nilisimama ng'ambo ya kichochoro.

«Ng'ambo ni ukumbini kwa jirani. Nani aliyekukaribisha?»

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuichukua picha. Alisema nyumba ni nzuri ila haijui. Amezaliwa humo, na hajawahi kuiona kwa namna hiyo hata siku moja, na jamaa zake wa Muscat waliokulia kwenye kichochoro kile nao hawajaiona hivyo. Nilijaribu kumweleza kwamba vipimo vyote ni sahihi, kila dirisha liko mahali pake. Alikubali. Akaniuliza tena nilisimama wapi.

Ningeweza kumwona kama mzee asiyeelewa picha za kompyuta, na nakiri kwamba jioni ile nilimwona hivyo kwa muda wa saa moja hivi. Kisha nikakumbuka masanduku mawili. Picha ile ilitoka mita 14, mahali ambapo uwiano wa mlango na dirisha la juu unakaribia ule wa ramani, na hakuna aliyewahi kupaona huko kwa sababu hakuna aliyewahi kufika. Kwa aliyesimama kichochoroni, mlango ni mkubwa unaoyajaza macho, na ghorofa ya juu ni kitu cha kuinulia kichwa. Nilikuwa nimempelekea ramani iliyotiwa rangi.

Nilirudi kwenye faili, nikarudisha mpaka wa karibu kwenye sentimita 10, na nikajilazimisha kufuata sharti moja: kamera ikae mahali ambapo mtu anaweza kukaa. Nilitembea ndani ya mchoro kwa W na D, nikipanda na kushuka kichochoro, mpaka nikaiona baraza ya nyumba ya ng'ambo, hatua chache kabla ya kufika mlangoni. Niliiketisha kamera hapo, kimo cha mita 1.2, macho ya mtu aliyekaa, kama mita 6 na nusu kutoka kona ya nyumba, ikitazama kwa mshazari.

Kutoka hapo ukingo wa paa ulikuwa juu sana, na kuiinamisha kamera nyuma kungeifanya mistari ya wima ikutane angani, kuta zikaonekana zinaanguka. Hapa ndipo ile 90 inapofanya kazi. Kamera ikibaki nyuzi 90 katika mhimili wa X, mistari yote ya wima inabaki wima kwenye picha. Na ili kuona juu zaidi bila kuiinamisha, kuna namba iitwayo Shift inayoisogeza fremu juu au chini huku jicho likiwa palepale, jambo ambalo wapiga picha wa majengo hulinunulia lenzi za bei kubwa. Niliweka lenzi ya milimita 24, fremu ya kusimama, na Shift ya 0.3 katika mhimili wa Y. Ukingo wa paa uligusa juu kabisa ya fremu, na chini ukabaki ukanda wa mawe ya njia. Nyumba haikuonekana yote: upande wa kushoto ulifichwa na kona ya jirani, na nusu ya mlango wa kuchonga ilikuwa kivulini.

Sikushughulika na ukungu wa mbele na nyuma wala mistari ya mgawanyo wa theluthi, mambo ambayo mafunzo mengi huyapa nafasi kubwa na ambayo kwa kazi ile yangekuwa mapambo. Nilirenda usiku, na safari hii kabla ya kulala nilibonyeza 0 nikahakikisha.

Bi mkubwa aliipokea picha ile bila kuuliza chochote, akaituma Muscat akiwa bado ameketi. Siku ya pili yake aliniita anisikilizishe ujumbe wa sauti wa kaka yake, ambaye aliondoka Unguja akiwa kijana mdogo. Alikuwa ametambua kwamba picha imechukuliwa kwenye baraza waliyokuwa wakichezea bao, na alikuwa na lawama moja tu: kwamba juu ya mlango palikuwa na ndoano ya chuma ya kutundikia taa, upande wa kulia, na mchoraji hakuiweka.

Nilifungua faili, nikaichora.